Masahihisho ya Notisi Namba 217

Nyumbani, kiwanja namba 67
16 Februari

Sindano mwanangu,

Salamu nyingi, na usishtuke kuona barua. Najua siku hizi watu hupigiana simu, lakini masikio yangu niliyaacha kwenye ile mashine ya kukatia karatasi, iliyonipigia kelele ubavuni miaka thelathini na moja. Mama yako akinishikia simu nasikia maneno mawili kati ya kumi, na hayo mawili nayaelewa vibaya.

Nina shida ya nyumba. Tarehe kumi na mbili walikuja maofisa wawili wa mamlaka ya maji wakabandika tangazo mlangoni. Wanasema mtaa wetu wote, viwanja namba 40 mpaka 92, ni hifadhi ya chemchemi tangu zamani, kwa Notisi Namba 217 ya Gazeti la Serikali. Wameisoma kwenye kompyuta, kwenye hazina yenu ya nyaraka. Tumepewa siku tisini, mpaka tarehe 13 Mei, tupeleke pingamizi lenye ushahidi wa maandishi. Baada ya hapo ni tingatinga.

Sasa mimi na wewe tunajua wasichokijua wao. Notisi ile ilikuwa na makosa. Baada ya miezi miwili kililetwa kikaratasi cha masahihisho, chembamba, upana wa vidole viwili, kikisema viwanja 61 hadi 78 vimeondolewa. Mwaka ule ndio ulioingia kwangu kujifunza kujalidi, huenda unakumbuka. Kikaratasi kile nilikishona mwenyewe kwenye jalada la Gazeti, na kiwanja hiki nilikinunua kwa sababu nilikuwa nimekisoma. Nani mwingine mtaani hapa alinunua ardhi akiwa amesoma sheria yake na kuishika mkononi?

Nitolee nakala, uipige muhuri, uniletee kwa posta. Ni kazi ya nusu saa kwako.

Mama yako anakusalimu. Anasema kama umeolewa na hukumwalika atakuja kukuuliza ana kwa ana.

Ni mimi mwalimu wako,
Fundi


Idara ya Nyaraka, chumba cha skana
27 Februari

Shikamoo Fundi,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, mlangoni kwa karani wa mapokezi, nikacheka peke yangu mpaka akaniuliza kuna nini. Hakuna anayeniita Sindano tena. Hapa mimi ni Msimamizi, na unene wenyewe hauniruhusu kuitwa Sindano. Mwambie Mama sijaolewa, na siku nikiolewa yeye ndiye atakayekaa mbele.

Chumba chako ungekiona usingekijua. Pale palipokuwa na ule mbano wako wa chuma sasa kuna skana mbili, na kwenye rafu ya nyuzi tumeweka kompyuta. Dirisha bado halifungi vizuri.

Notisi 217 nimeiona. Ipo kama walivyokwambia. Kikaratasi sijakiona bado, lakini faili ni nyingi mno, zaidi ya elfu arobaini, na nyingine hazijapangwa. Nitatafuta. Usiwe na wasiwasi, Fundi, muda bado upo. Kawia ufike.

Wako,
Sindano


Nyumbani
10 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Lakini "kawia ufike" ni methali ya mtu ambaye mlangoni kwake hakuna karatasi ya mamlaka ya maji.

Unatafuta pasipo na kitu, ndiyo maana hukioni. Achana na hizo faili elfu arobaini. Nenda kwenye jalada lenyewe, lile jekundu la mwaka ule, fungua ukurasa wa 388. Usitazame juu ya ukurasa, tazama ndani ya mkunjo. Mafundi walionitangulia walikuwa wanavibandika vikaratasi vya masahihisho pembeni kwa gundi. Baada ya mwaka gundi inakauka, kikaratasi kinadondoka, mfagiaji anakifagia na sheria inakwenda na taka. Mimi niliviingiza mkunjoni kabisa nikavishona pamoja na kurasa. Ukikishika kitabu kichwa chini miguu juu ukakitikisa, hakidondoki hata kimoja. Nilikuonyesha. Ulisema "Fundi, huku ndani nani atakiona?" nikakujibu anayetaka kukiona atakiona.

Jumapili tulikuwa na mkutano wa wenye viwanja 61 hadi 78, kwangu hapa barazani. Watu wameshikwa na hofu. Nikawaambia tulieni, ninaye mwanangu Idara ya Nyaraka, na huyo hajawahi kuacha uzi njiani. Yule jirani yangu mwenye mashine ya kusaga, unayemkumbuka kwa ubishi, aliuliza, "Na kama hakipo?" Nikamwambia nilikishona kwa mkono huu. Akarudi kuketi bila kubisha, na si kawaida yake.

Fundi


Chumba cha skana
24 Machi

Shikamoo Fundi,

Samahani kwa kuchelewa. Mtambo wetu unahamishiwa kwenye seva mpya, na mpaka mafundi wa kompyuta wamalize hatuwezi kutoa nakala yoyote yenye muhuri. Majalada yako ghala la nje na ruhusa ya kuingia inatolewa na Mkuu wa Kitengo, ambaye yuko safarini. Akirudi nitamwona.

Lakini nimekuletea kitu kingine. Unakumbuka ile ripoti ya watafiti wa maji, ya jalada la kijani? Imo kwenye hazina yetu, nimekuchapia yote, kurasa tisini na sita. Soma kuanzia ukurasa wa 30. Walichimba visima vya majaribio, wakatia rangi majini, wakapima siku ngapi rangi inafika kwenye chemchemi. Wameandika waziwazi kwamba maji yanatoka upande wa mashariki wa kilima na kwamba viwanja vya upande wenu havigusi chanzo. Ni ripoti hiyohiyo iliyoifanya Serikali itoe masahihisho. Wapelekee, naamini itasaidia.

Kwenye ukurasa wa 34 utaona kitu cheusi pembeni. Ni kidole gumba changu. Kitabu kile nilikiskani kwa mkono, ukurasa mmoja mmoja kwenye kioo, na hapo niliteleza.

Msalimie Mama.

Sindano


Nyumbani
6 Aprili

Sindano,

Kidole chako nimekiona, nimemwonyesha na mama yako. Amesema hata kwenye nyaraka za Serikali lazima uweke mkono wako. Nikashangaa kidogo: mbona kitabu kimoja kimeskaniwa kwa mkono, ilhali mna mashine zinazomeza karatasi kama kuku amwagiwaye mahindi? Basi, labda ni mapenzi. Kile ndicho kitabu chako cha kwanza. Nilikushonesha mara tatu ukifumua, na mara ya nne nikakiacha kilivyo, kimepinda kidogo, nikakipaka gundi mgongoni kabla hujakifumua tena.

Ripoti niliipeleka. Nilivaa koti. Ofisa akaifungua, akatazama picha za visima, akasema, "Mzee wangu, utafiti huu ni mzuri sana. Lakini utafiti si sheria. Sheria ni Gazeti. Niletee Gazeti." Nikaichukua ripoti yangu nikatoka, kwa sababu ana haki. Ningekuwa mimi ningesema hivyohivyo.

Kwa hiyo tumerudi palepale, kwenye kikaratasi. Nakuuliza bila kuzunguka: Mkuu wako amerudi? Umelifungua lile jalada jekundu? Mtu aliyekufundisha kazi unaweza kumwambia "hapana".

Fundi


Nyumbani
21 Aprili

Mwanangu Sindano,

Ni mama. Fundi hajui kwamba nakuandikia, yuko barazani anajifanya anarekebisha kiti.

Hakuambii, kwa hiyo nakwambia mimi. Mamlaka wametoa tangazo la pili. Atakayesaini kuhama kwa hiari kabla ya tarehe 3 Mei atapewa lori, na ataruhusiwa kung'oa mabati, milango na madirisha yake. Asiyesaini atasubiri tingatinga na atatoka na alichobeba kichwani. Nyumba hii tumeijenga miaka tisa, chumba kimoja kimoja. Milango aliichonga mwenyewe. Mimi nimeanza kufunga vyombo na yeye anavifungua.

Kila siku saa nne anakwenda posta. Hakuna barua, anarudi, anasema, "Kesho." Majirani wameacha kumuuliza, na hilo linamuuma kuliko walipokuwa wanamuuliza.

Mwanangu, mimi sikusoma sana, lakini nimeishi na watu. Barua zako zina kitu. Ulikuwa ukila mezani kwangu na ukivunja kikombe nilikujua kabla sijaingia jikoni, kwa jinsi ulivyokuwa umekaa. Kama kuna kikombe kimevunjika, sema. Mficha uchi hazai.

Mama yako


Nyumbani kwangu, si ofisini
5 Mei

Fundi wangu, na Mama,

Shikamooni.

Barua hii nimeiandika mara nne nikaichana. Hii ni ya tano na nitaipeleka posta mwenyewe kabla sijaisoma tena.

Kikaratasi hakipo, Fundi. Hata jalada halipo. Hakuna ghala la nje, na Mkuu hakuwa safarini. Nilikudanganya.

Miaka mitatu iliyopita tuliamriwa tumalize kuskani Gazeti lote kwa mwaka mmoja. Kwa mkono, kwenye kioo, ingechukua miaka sita. Zikaletwa skana zinazovuta karatasi zenyewe, lakini haziwezi kuvuta kitabu, zinataka karatasi moja moja. Kwa hiyo tulikata migongo. Majalada yote, Fundi, mia nne na kumi na mawili. Nilikata mimi, kwa mashine yako ileile, kwa sababu ndimi niliyeijua. Sentimita moja na nusu kutoka mgongoni. Uzi wako ulikuwa unatoka mzimamzima kama mshipa.

Na vikaratasi ulivyovishona mkunjoni, kisu kilipita juu yake. Vingine vilikatika vipande viwili, vingine vikabaki vimelegea katikati ya kurasa na kuikwamisha skana. Kila dakika kumi mashine inasimama. Mkuu akasema chochote kilicho kidogo kuliko ukurasa kitolewe, kiwekwe pembeni, kitaskaniwa baadaye kwenye kioo. Tukaweka sanduku, nikaliandika mimi "Vipande". Lilijaa.

"Baadaye" haikufika. Siku ya kupeleka karatasi zilizokwisha skaniwa kwenda kusagwa ililetwa fomu yenye orodha ya masanduku mia mbili na thelathini. Nilitakiwa kulifungua kila moja kabla ya kusaini. Nilifungua kama kumi. Sanduku la Vipande lilikuwemo kwenye orodha. Sahihi ni yangu.

Gazeti lilikuwa na seti tatu, unajua. Ya mahakama ililiwa na mchwa. Ya maktaba tuliletewa, nayo tuliikata. Sasa kilichoko kwenye kompyuta ndiyo nakala rasmi, na kwenye kompyuta Notisi 217 haina masahihisho.

Nilijua tangu barua yako ya kwanza. Nikiwa bado mlangoni kwa karani nilijua. Nikaandika "nitatafuta" kwa sababu sikuweza kuandika "nilikata". Nilidhani nitapata njia nyingine, nilidhani ripoti itatosha. Niliona haya mbele yako kuliko ninavyoona haya mbele ya Mungu, na nikakuacha uende posta kila siku saa nne.

Kitabu kimoja tu sikukikata. Ile ripoti ya kijani. Nilikificha kwenye droo ya meza yangu, ndiyo maana nilikiskani kwa mkono. Nilitaka mgongo mmoja ulioupaka gundi wewe ubaki duniani. Ni ujinga, najua.

Kama hamjasaini, ombeni lori hata kama tarehe imepita. Sistahili kukushauri, lakini naogopa tingatinga.

Sindano


Kwa binti yetu, chumba cha uani
6 Mei

Sindano mwanangu,

Naona anwani imekushtua. Barua yako sijaipata kwa wiki sita, lakini sikulaumu, kazi za Serikali nazijua. Nakuandikia ili usiendelee kujisumbua.

Tulisaini tarehe pili, siku moja kabla ya mwisho. Lori lilikuja asubuhi yake. Milango nimeiweka ukutani huku kwa binti yetu, yote sita, wajukuu wanacheza kujificha nyuma yake. Tingatinga lilifanya kazi kwa dakika kumi na mbili. Nilihesabu kwa saa, sijui kwa nini.

Nataka nikuombe radhi. Nilikutuma kutafuta kitu ambacho huenda hakikuwepo. Nimefikiri sana: Sindano ninayemjua akitafuta kitu wiki tisa asikione, basi hakipo. Nina miaka sabini na minne. Mtu anaweza kukumbuka kikaratasi cha kiwanja kingine, cha mwaka mwingine, akakipachika pale anapokitaka.

Kwa hiyo kabla ya kusaini niliita mkutano, nikasimama mbele ya watu nikasema, "Nilikosea. Sina uhakika tena kama kikaratasi kile niliwahi kukiona." Hakuna aliyepiga kelele. Yule mwenye mashine ya kusaga alisema tu, "Mzee, umetuweka siku themanini." Watu kumi walisaini nyuma yangu siku hiyohiyo. Saba wamekataa, wanasema watakufa na nyumba zao, ila hao ni wabishi wa kuzaliwa.

Pumzika sasa. Njoo utuone ukipata likizo.

Fundi


Kwa binti yetu
15 Mei

Sindano,

Barua yako imefika. Ilikwenda kwanza kwenye anwani ya zamani, ikakaa posta, mama yako akaipata alipokwenda kubadilisha sanduku.

Niliisoma mara moja, nikaitoa nje ya chumba nikafunga mlango, kana kwamba ni mtu. Baadaye nikaenda kuichukua.

Nimekasirika. Sitaki kukuficha. Majalada, hilo mtu anatumwa, anakata. Sanduku nalo, nani hajawahi kusaini asichokisoma? Kinachonichoma ni kwamba nilisimama mbele ya watu nikajiita mzee aliyepotewa na akili, na wewe ulikuwa unajua kuwa akili ninazo.

Hiyo ndiyo hasira yangu. Sasa sikiliza aibu yangu.

Kabla hamjaanza kukata, ofisi yenu iliniandikia barua. Labda hukuambiwa. Iliniuliza swali moja: je, kuna jambo lolote katika ujalidi wa majalada haya ambalo wakataji wanapaswa kulijua? Nilijua jibu, lilikuwa mstari mmoja: vikaratasi vya masahihisho vimeshonwa mkunjoni, vitoeni kwanza. Lakini nilisoma neno "wakataji" nikaona moto. Miaka thelathini na moja nimeshona, halafu mniulize mkate wapi? Nikaikunja barua mara nne nikaiweka chini ya mguu wa meza uliokuwa unacheza. Ilikaa hapo miaka mitatu na meza ikatulia kweli. Nilitaka mharibu, Sindano. Nilitaka mharibu kitu kikubwa, Serikali ijute, waje wanipigie magoti. Haikuja barua ya pili, nikajiaminisha kwamba mmeghairi kukata, ndiyo maana nilikutuma kwenye jalada jekundu. Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu wamekuja mapacha.

Na kuna jambo la mwisho, nalo ni zito kwangu kuliandika kwa sababu litakuumiza kuliko hasira yangu.

Masahihisho yale yalipoletwa kutoka kiwanda cha uchapaji yalikuja bunda zima, kama hamsini. Nilishona matatu. Yaliyobaki yalikuwa karatasi nzuri, ngumu, na mimi unanijua, akiba haiozi. Nilikuwa nayabandika kwenye migongo ya vitabu chini ya kitambaa ili mgongo usivunjike. Fundi yeyote hufanya hivyo kwa karatasi iliyozidi. Mwezi ule nilijalidi vitabu vitatu tu vidogo, na kimoja ni kile cha kijani. Wewe ulishona, mimi nikapaka gundi, nikabandika, nikafunika. Ulikuwa umetoka kwenda kuchota maji ya kunawa.

Kama hukukikata, kimo humo. Kimekuwa kwenye droo yako siku zote hizi.

Ungeniambia Februari, ningekujibu Machi.

Kifungue. Loweka kitambaa kwa maji ya vuguvugu, usivute.

Fundi


Nyumbani
29 Mei

Fundi,

Nilikifungua juzi, saa tano asubuhi, mlango wazi, Mkuu na karani wakitazama, maana nilitaka mashahidi. Niliweka kitambaa kibichi mgongoni nikangoja nusu saa. Kitambaa cha kijani kilitoka kama ngozi ya nyanya. Uzi wangu ulikuwa pale, umepinda kama ulivyosema, mishono miwili nimeiruka. Sikujua kwamba niliruka mishono miwili. Wewe uliiona na ukakifunika.

Chini ya gundi kulikuwa na vikaratasi vitatu, kimoja juu ya kingine. Cha juu kimeliwa na wadudu. Cha katikati ni kizima. Nakunakilia: "Masahihisho. Katika Notisi Namba 217, viwanja namba 61 hadi 78 viondolewe kwenye eneo la hifadhi." Kuna tarehe na chapa ya mpiga chapa wa Serikali. Kiwanja chako kimo humo katikati, Fundi. Kimekuwa humo siku zote.

Siku hiyohiyo tulikipeleka kwa mwanasheria wa mamlaka, mimi na Mkuu. Alikisoma mara mbili, akasema masahihisho hayana mwisho wa muda, ni sheria. Wale saba waliokataa nyumba zao zimebaki, tingatinga limesimamishwa. Nikauliza na waliosaini je? Akasema aliyesaini amehama kwa hiari yake na kiwanja amekirudisha. Anaweza kwenda mahakamani, lakini nyumba haipo tena na hiari imeandikwa. Nikamwambia haikuwa hiari, waliongopewa. Akaniuliza na nani. Nikamwambia na mimi. Akaandika.

Nimetakiwa kujieleza kazini kwa maandishi na nimejieleza bila kupunguza. Majibu bado.

Kila ninapoketi mezani naitazama droo. Nilikuwa naifungua kutoa kalamu, siku ile naandika "nitatafuta" nilitoa kalamu humohumo. Samahani haijai hata kijiko.

Sindano


Kwa binti yetu
11 Juni

Sindano,

Mama yako ameisoma barua yako kwa sauti kubwa mpaka wapangaji wa jirani wote wanajua mambo ya Notisi 217.

Juzi nilipanda kule juu. Nyumba saba zimesimama na kati yake kuna mapengo, kama mdomo wangu. Mwenye mashine ya kusaga ni miongoni mwa wale kumi walionifuata. Anapanga chumba mtaa wa chini na mashine yake iko nje, amefunika turubai. Alinisalimia. Kisha akasema, "Kumbe kilikuwepo?" Nikamwambia kilikuwepo. Akasema, "Basi kwa nini ulituambia hakikuwepo?" Nikaanza kueleza, nikaona uso wake, nikaacha. Hataniamini mimi tena, na sitaki aniamini mimi.

Kwa hiyo sikiliza ninachotaka. Kesi tutafungua, binti yetu amepata wakili, na wewe utakuwa shahidi. Huko ni mahakamani na kuna kawia yake. Ninachotaka ni kingine. Jumapili ya mwisho wa mwezi nimewaita wote, kumi na wanane pamoja nami, waliobaki na waliotoka, palepale ilipokuwa baraza yangu. Sakafu bado ipo, tutakaa juu yake. Uje. Ulete kile kitabu kama kilivyo, mgongo wazi, usijaribu kukibandika. Nimebakiwa na sindano mbili na uzi kidogo, tutakishona upya tukimaliza, na ile mishono miwili utaishona wewe.

Ukifika usianze na samahani, hawajaja kwa ajili hiyo. Anza na kikaratasi. Kisome chote, na tarehe yake, na namba zote mbili za viwanja. Na usome kwa sauti, mwanangu, maana nitakuwa nimekaa mbele kabisa na sisikii vizuri.

Fundi